Santuri Iliyokwanguliwa Jina

Bogotá, 4 Mei 2014

Mpendwa Mjomba Hermógenes,

Shikamoo, Mjomba. Mimi sijambo, ila baridi ya huku haina adabu, nalala na soksi jozi mbili. Mkazamjomba Danilsa anaendeleaje na goti? Mwambie zile bollo za mahindi alizonifungashia zilifika salama, na wenzangu hapa dukani walizivamia kabla sijavua koti. Mimi niliambulia majani ya kufungia.

Tangu tumalize siku tisa za msiba wa Mama nimekupigia simu mara kumi na moja. Kila mara Danilsa anasema uko bafuni. Mtu mzima anaoga mara ngapi kwa siku, Mjomba? Kama hutaki kuongea nami, sema. Kwa kuwa hata kusema hutaki, naandika barua kama watu wa zamani, na nimempa dereva wa basi akukabidhi mkononi.

Kwenye kifurushi kuna zawadi. Najua utakunja uso. Ni visikilizio vya masikioni, vile vinavyozama ndani kabisa, vyenye vikofia vitatu vya mpira vilivyopandana. Hapa dukani tunauza aina nyingi, nami nimekuchagulia hivi kwa sababu moja: vinaziba. Vile vinavyokaa mlangoni mwa sikio huacha kelele zote za mtaa ziingie, basi mtu anaongeza sauti, anaongeza tena, mwisho anajiua masikio mwenyewe. Hivi vikikaa sawasawa huna haja ya kuongeza chochote. Utalisikia hata gitaa la pili, lile linalopigwa kwa nyuma, na kidole kikiteleza juu ya waya.

Lakini fuata maagizo, usijifanye fundi. Lowesha mpira kwa maji kidogo. Pitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa, ulivute sikio juu na nyuma. Fungua mdomo. Sukuma polepole huku unazungusha, mpaka dunia inyamaze. Ukiona besi haipo, ujue hakijaingia. Toa, badilisha mpira, nimekuwekea saizi tatu. Kutoa, zungusha taratibu. Ukivuta ghafla utaona nyota mchana. Waya upitishe juu ya sikio, la sivyo ukitembea utasikia ngoma ambayo haimo kwenye wimbo.

Sasa neno lenyewe. Siku mbili kabla hajafa, Mama aliniambia: "Ukitaka kumjua baba yako, muulize Hermógenes ile santuri." Miaka thelathini naambiwa baba yangu alikuwa baharia, anaitwa Bebo, akaenda zake bila neno. Santuri hiyo naijua, mtaa mzima unaijua, ndiyo unayofungia dansi kila Kanivali. Naomba unitumie. Nitaitazama, nitaisikiliza, nitairudisha. Sitaki kingine. Nataka kujua baba yangu ni nani.

Mpwa wako,
Yurleidis


Barranquilla, 29 Mei 2014

Yurleidis,

Marahaba. Sisi wazima. Goti la Danilsa limevimba kama embe na hataki kukaa chini, wanawake wa nyumba hii wote vichwa vigumu. Juzi ilinyesha saa moja tu, mtaa ukageuka mto ukapita na pikipiki ya mtu, na mwenyewe anaifukuzia nyuma na helmeti kichwani. Tulicheka mpaka tukamhurumia.

Zawadi yako nimeipata. Ahsante kwa vizibo vya chupa. Ala! Yaani mimi, Hermógenes Salgado, mwenye pikó la Radi ya Kusini, mtambo wa muziki unaotikisa mtaa mzima, niliyejenga spika za inchi kumi na nane kwa mikono hii, mtu akisimama mbele yake shati linapepea bila upepo, leo nitie mpira wa mate masikioni niketi kwenye kona kama mgonjwa? Muziki hauingii kwa tundu la sikio, binti. Unaingia kwa kifua unatokea miguuni, na unataka watu mia mbili na mtaa uliofungwa kwa viti. Anayesikiliza peke yake ni sawa na anayecheza dansi na ufagio. Bogotá imekuharibu.

Santuri: hapana. Haijatoka kwenye sanduku lake bila mkono wangu tangu 1983. Na hata nikikutumia, utatazama nini? Katikati ni karatasi tupu. Zangu zote nimezikwangua lebo kwa wembe, kama alivyofanya kila mwenye pikó mwenye akili timamu, ili washenzi wa pikó mengine wasichungulie jina wakaenda kuitafuta. Mwenye santuri anasoma mara moja, anaweka kichwani, anakwangua. Jina la wimbo ule nitazikwa nalo. Watu wamenipa rumu, wamenipa mbuzi, mmoja alitaka kunipa dada yake. Sikusema.

Na huyo Bebo wako hakuacha neno. Mama yako alikuwa mgonjwa, na mgonjwa husema mengi.

Halafu yule dereva wako usimtume tena. Eti aligonga mlango nusu saa mimi nimo ndani. Mwongo mkubwa.

Mjomba wako,
Hermógenes


Bogotá, 8 Juni 2014

Mjomba,

Shikamoo. Mpe pole Danilsa, na umwambie barafu, si mafuta ya nyoka ya yule bibi wa sokoni.

Umemaliza? Basi na mimi nina mdomo. Usimtukane Mama. Hakuwa akiweweseka. Aliniuliza kama nimekula, akaniuliza kodi ya chumba, akanikumbusha siku ya kuzaliwa ya Danilsa, ndipo akasema lile. Mgonjwa gani anayeweweseka kwa mpangilio hivyo?

Nakuuliza swali la mtoto mdogo. Santuri ile ilifikaje kwako? Duka lipi? Safari ipi? Kila santuri yako ina hadithi, na kila Krismasi unatusimulia: hii niliipata kwa mpishi wa meli, ile niliibadilisha na jogoo. Hii hujawahi kuisimulia. Mimi nimekaa meza moja nawe tangu nina meno ya maziwa, sijawahi kuisikia.

Nilichukua lile sanduku la Mama la vifaa vya kushonea. Chini ya nyuzi kuna kaseti saba. Naziingiza kwenye kompyuta moja moja baada ya kazi. Nyingine ni dansi zako, unapiga kelele kwenye maikrofoni unajisifu. Nitakuwekea kwenye kichezeo kidogo cha muziki, usikilize kwa hivyo vizibo vya chupa. Labda ukijisikia mwenyewe utavipenda.

Sijaacha kuiomba santuri.

Yurleidis


Barranquilla, 20 Julai 2014

Yurleidis,

Nimechelewa, nilikuwa na kazi. Pikó limepakwa rangi upya mbele, radi sasa ina macho mekundu, watoto wanalia wakiiona. Danilsa anasema nimepoteza akili. Goti limepungua. Umesema kweli kuhusu barafu, sasa usijivune.

Kichezeo nimekipata na nimejaribu vitu vyako, ili usiseme mjomba wako ni mjinga. Nimelowesha. Nimevuta sikio kama mwalimu wa shule anavyomvuta mtoro. Nimefungua mdomo, Danilsa akapita akasema nzi wataingia. Cha kulia kimeingia, sawa, siwezi kusema uongo, gitaa lilikuja karibu mpaka nikageuka kutazama. Lakini cha kushoto ni kibovu. Hakisemi kitu. Nimebadili mipira yote, mdogo, wa kati, mkubwa, nikasukuma mpaka machozi. Kimya. Kwa hiyo umenitumia mali mbovu kutoka hilo duka lako la kujidai. Nendeni mkawauzie wazungu.

Kuhusu santuri ilivyofika: ilifika. Bandarini vitu hufika. Usinihoji kama askari.

Hermógenes


Bogotá, 28 Julai 2014

Mjomba,

Shikamoo. Radi yenye macho! Makubwa. Piga picha unitumie.

Nilivijaribu mwenyewe hivyo visikilizio kabla ya kufunga, vyote viwili vilikuwa vizima. Lakini vitu hufa, basi tutazame. Kwanza, kwenye ncha ya kila kimoja, ndani ya mpira, kuna kichujio kidogo kuliko punje ya mtama, kazi yake ni kuzuia nta ya sikio. Kikiziba, sauti inakufa. Kwenye kifuko kuna vingine na kijiti cha kubadilishia. Na tafadhali usijichokoe kwanza kwa pamba, unaishindilia nta ndani kama baruti.

Ukibadilisha na bado kimya, fanya hivi. Vigeuze. Cha kushoto kitie sikio la kulia, cha kulia kitie la kushoto. Ukimya ukihamia kulia, kifaa ni kibovu, nitakuletea kingine. Ukimya ukibaki kushoto, basi tatizo haliko kwenye kifaa.

Niandikie ukimya umekaa upande gani. Hilo tu.

Yurleidis


Barranquilla, 2 Septemba 2014

Yurleidis,

Tumshukuru Mungu, tupo. Mvua nyingi. Parachichi zimeshuka bei. Mtoto wa jirani ameoa, walikodi pikó la mtu mwingine, nimewasamehe.

Nimevigeuza. Ni vizima.

Hermógenes


Bogotá, 14 Septemba 2014

Mjomba,

Sikusalimu leo. Danilsa nisalimie.

"Ni vizima." Maneno mawili. Basi ukimya ulibaki kushoto, na kushoto ndiko spika ya inchi kumi na nane ilipokaa kando ya kichwa chako kwa miaka thelathini na ushei. Kwa hiyo huko bafuni hukuwa unaoga. Simu unaishika mkono wa kushoto, husikii, ukaona bora uonekane jeuri kuliko uonekane kiziwi. Na dereva hakusema uongo. Ningekuonea huruma, wallahi ningekuonea huruma leo, kama nisingeisikiliza kaseti ya sita.

Imeandikwa kwa mkono wa Mama: "1983, nyumbani." Kwenye spika ya kompyuta haina maana, muziki halafu mvumo, nikataka kuifuta. Nikavaa vyangu, kama vyako, nikavizamisha mpaka nisisikie hata moyo wa jengo hili, na nikaiacha iendelee baada ya wimbo. Uliweka kinasa sauti mbele ya spika ili ujue wimbo utasikikaje dansini, siyo? Wimbo unakwisha. Hukukizima. Dakika ya kumi na moja unasikika mkwaruzo. Kwaru, kwaru, kwaru. Wembe kwenye karatasi. Mlango unafunguka. Halafu Mama.

Mama wa miaka ishirini na mbili. Sauti nyembamba, sikuijua mara ya kwanza. Anasema: "Hermógenes, unafanya nini? Hilo jina langu! Bebo ameniandikia hapo! Acha, kaka, acha kwanza nisome!"

Na wewe unamjibu nini? Nimeirudia mara hamsini nikitumai nimekosea. Unasema: "Nyamaza, tepu inarekodi."

Halafu mkwaruzo unaendelea.

Baba yangu hakuondoka bila neno. Aliliandika neno lake kwenye lebo ya santuri, kwa jina la Mama, na wewe ukalikwangua ili wenye pikó wengine wasilisome. Umeniacha miaka thelathini nikijibu shuleni, kanisani, kwenye fomu za kazi, kwamba baba yangu hajulikani. Na kila Kanivali unaniita mbele, "njoo mpwa wangu ucheze," na unaniwekea wimbo ule ule. Nimeucheza! Nimeucheza tangu nina miaka minne, watu wakinipigia makofi!

Santuri kaa nayo. Sasa nataka kilichoandikwa. Ulisema mwenyewe: mwenye santuri anasoma mara moja, anaweka kichwani, anakwangua. Basi kimo kichwani mwako. Kitoe.

Nimekuwekea dakika hiyo peke yake kwenye kichezeo kingine, humu ndani. Tumia sikio la kulia.

Yurleidis


Barranquilla, 12 Oktoba 2014

We Yurleidis,

Una bahati uko mbali. Hivi ndivyo Nuris alivyokulea, kumpandia mjomba wako kichwani? Nani alikununulia viatu vya komunyo? Nani alikupeleka stendi na begi lako na kuku wa kukaanga? Huyo Bebo?

Umesikia panya. Kaseti ya miaka thelathini inasema chochote. Unatia mipira masikioni, unajifungia na upweke wako huko kwenye baridi, unaanza kusikia wafu. Ndiyo maana nilisema muziki ni wa watu wengi.

Sitasikiliza kitu. Kichezeo nimekitupa kwenye droo ya misumari. Na mimi si kiziwi. Danilsa ndiye anaongea chinichini siku hizi, mwulize kwa nini.

Tena usitaje neno hili kwa mtu yeyote mtaani. Kanivali imekaribia na nina mashindano na lile pikó la mtaa wa Rebolo.

Hermógenes Salgado


Bogotá, 19 Oktoba 2014

Mjomba,

Panya hasemi "kaka."

Nisikuambie sikio la kufa halisikii dawa, utasema nakutukana. Nakuambia hivi: mpaka nipate kilichoandikwa kwenye lebo ile, huna mpwa. Usinitumie bollo, usinitumie salamu, usiniwekee kiti Krismasi. Na ukifa na jina hilo kichwani kama ulivyoahidi, sitakuja kukuzika.

Yurleidis


Barranquilla, 23 Novemba 2014

Yurleidis,

Danilsa anakusalimu. Goti limepona, anatembea hadi sokoni. Alisoma barua yako ya mwisho kabla yangu, akaikunja, akaiweka juu ya sahani yangu badala ya chakula. Siku nne nimekula kwa jirani.

Jumapili yeye alipokwenda misa nilifungua droo ya misumari. Nilibadilisha kile kichujio kwanza, nilipoteza viwili kwenye vumbi. Nikalowesha mpira, nikavuta sikio, la kulia. Nilisukuma mpaka barabara ikanyamaza, na jogoo, na feni. Nikabonyeza.

Mkono wangu niliujua kabla sijamjua Nuris. Ule mkwaruzo ni wa wembe niliokuwa nautumia, nilikuwa na namna yangu, mara tatu halafu napuliza vumbi. Unasikika hata ule mpulizo. Halafu yeye akasema "kaka."

Sikia, sina pa kujificha, nitasema yote mara moja halafu uamue. Kifurushi kililetwa na baharia mwenzake Bebo, Nuris akiwa kazini kwa tajiri mmoja mtaa wa juu. Nilikifungua mimi. Niliusikiliza ule wimbo na nywele zikanisimama. Pikó langu lilikuwa changa, spika mbili na madeni ya mbao, watu walikuwa wanatucheka. Nilijua kwa wimbo ule hakuna atakayecheka tena. Kwenye lebo palikuwa na maandishi ya buluu ya mkono wa Bebo na yale ya kiwandani, yamebanana. Nilisoma. Nilikwangua yote. Nilijiambia nitampa Nuris anwani baada ya Kanivali, kwa sababu akiandika sasa, Bebo atakuja, ataichukua santuri yake, au atawapelekea wengine mfano wake. Baada ya Kanivali pikó lilikuwa na jina na Nuris alikuwa na tumbo. Nikaona nikisema sasa atajua nilinyamaza kwa nini. Nikasema akishajifungua. Ukazaliwa. Nikasema ukishabatizwa. Unaona ilivyokwenda. Alinisihi miaka miwili, halafu akaacha kunisihi, na mimi mjinga nikadhani amesahau. Kumbe kaseti ameifukia chini ya nyuzi.

Kuna jambo jingine, na hili Danilsa hajui. Wiki ya mwisho hospitalini, Nuris alinishika mkono akaongea nami muda mrefu. Alikaa upande wangu wa kushoto, sauti imeshamwisha, na mimi niliona aibu kumwambia rudia. Nikawa naitikia kwa kichwa tu. Ndiyo, ndiyo, dada, ndiyo. Akatabasamu akalala. Siku ile sikujua nimeahidi nini. Nadhani ahadi hiyo naijua sasa, na nadhani ndiyo maana alikuambia uniulize mimi: aliamini nimekubali kukuambia.

Ilikuwa imeandikwa hivi, neno kwa neno, wala sijaipoteza herufi hata siku moja:

"Nuris, wimbo huu nimeusikia nikakuona wewe. Sitakuja nisipoitwa, sitaki kukutia aibu kwa kaka yako. Ukinitaka niandikie. Rudsel Isenia, Kaya Mispel 14, Otrobanda, Willemstad, Curaçao."

Rudsel ndilo jina la Bebo la cheti. Curaçao ni hapo tu. Meli za ndizi zinakwenda na kurudi. Najua.

Hermógenes


Willemstad, 25 Januari 2015

Mjomba,

Shikamoo. Namwandikia pia Danilsa barua yake peke yake, usiifungue.

Sikukujibu kwa sababu nilichukua likizo nikaja. Niliogopa kuandika, barua za ukoo wetu zina mikosi. Kaya Mispel ipo. Namba 14 ipo, ina uzio wa mpungate na mbuzi wawili. Aliyefungua mlango ni mzee mrefu, ana fulana, ana kisu cha samaki mkononi, na uso huu wangu ninaouosha kila asubuhi. Yu hai. Ana miaka sitini na tisa. Alioa, mkewe alifariki, ana wana wawili wakubwa walioniangalia kama mzuka.

Nilitaja jina la Mama tu. Hakuniuliza mimi ni nani. Aliuliza: "Santuri aliipata?"

Mjomba, nilisimama pale jua likinichoma nikafikiri. Nikisema aliipata, basi Mama ndiye aliyemnyima jibu. Nikisema hakuipata, nakuuza wewe. Sikufikiri sana. Nilimwambia ukweli wote, na majina yako niliyataja yote mawili, na pikó nalo nikalitaja. Alikaa juu ya ngazi, samaki wakaanza kunuka. Alisema miaka mitatu alikuwa anakwenda posta kila Ijumaa baada ya kazi, mpaka karani akawa anamtikisia kichwa kutoka mbali asihangaike kupanga foleni. Halafu akajiambia mwanamke asiyejibu amejibu, akaoa. Nilimkasirikia na yeye pia, kwa nini hakuandika barua ya pili. Mna nini ninyi wanaume na heshima zenu? Mmoja ananyamaza kwa heshima, mwingine ananyamaza kwa aibu, na Mama katikati anashona nguo za watu.

Nilimpa visikilizio vyangu. Nilimvuta sikio mwenyewe, juu na nyuma, kama ninavyowafanyia wateja. Nilimwekea dakika ile. Aliisikiliza moja kwa moja mpaka mwisho, sauti ya Mama na yako na wembe, halafu akaomba tena. Amekaa navyo tangu jana. Nikimsemesha hanisikii, lazima nimguse bega.

Hujaniomba msamaha katika barua yako. Niliisoma mara nyingi nikiutafuta. Umesimulia vizuri, lakini neno lenyewe hukuliandika. Mimi sikudai, maana sina uhakika ningekupa. Lakini kuna mtu mwingine sasa wa kuambiwa, na yeye anasema maneno ya mtu aliyemkata ulimi anataka kuyasikia kwa mdomo wa mtu huyo, si kwa karatasi.

Tunakuja wote wawili. Tunafika Alhamisi tarehe 12 Februari mchana, siku mbili kabla ya Kanivali, mtaa ukiwa umejaa na pikó lako liko nje. Hatutaki chakula. Mlango ufungue wewe mwenyewe, usimtume Danilsa.

Yurleidis Isenia